Kuwakumbuka Waliotutangulia: Somo la Familia na Vikundi vya Nyumbani

Masomo ya kusoma pamoja: Waebrania 13:7, Mwanzo 50:24-26, Kumbukumbu la Torati 34:5-8, Mathayo 23:29-32



Tunawaandikia kutoka Bugolobi hapa Kampala, ninyi nyote mlioko makambini na ninyi mnaohangaika na kodi ya nyumba mjini.

Kila tarehe 16 Februari Uganda humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Ofisi za serikali hufungwa na shule hupumzika. Siku moja kama hiyo tulikusanyika hapa Bugolobi, katika nyumba ya mshiriki mmoja, tukafundisha habari za askofu huyo karibu saa nzima. Tulipomaliza, mama mmoja aliyeketi karibu na mlango aliomba kusema. Alisema, "Baba mchungaji, askofu ana tarehe yake. Mume wangu tulipotezana usiku wakati wa kukimbia. Waliokuja nyuma yetu waliniambia kwamba ameuawa, lakini hawakujua ni siku gani, wala hawakujua amelala wapi. Mimi nimkumbuke lini?"

Hatukuwa na jibu. Tulifunga kwa maombi, watu wakaenda nyumbani. Ni lazima tukiri mbele yenu kwamba siku ile tulikuwa tumejiandaa kwa ajili ya askofu, na kwa ajili ya mama yule hatukuwa tumeandaa kitu. Somo hili ni jibu letu kwake, ingawa limechelewa, na ni jibu kwa wengi miongoni mwenu ambao wana swali hilo hilo moyoni.

1. JE, NI HALALI MKRISTO KUADHIMISHA SIKU YA MTU ALIYEKUFA?

Wako ndugu wanaosema kwamba mambo haya ni ya kipagani na tuyaache kabisa. Tuitazame Biblia.

Israeli walimlilia Musa siku thelathini (Kumbukumbu la Torati 34:8). Mfalme Yosia alipokufa vitani, Yeremia alimtungia maombolezo, na waimbaji waliendelea kumtaja katika maombolezo yao kwa muda mrefu baadaye (2 Mambo ya Nyakati 35:25). Binti za Israeli walikwenda kila mwaka, siku nne, kumkumbuka binti wa Yeftha (Waamuzi 11:39-40). Stefano alipopigwa mawe, watu wacha Mungu walimzika na kumlilia sana (Matendo 8:2). Naye Bwana wetu alisema juu ya yule mwanamke aliyemmiminia marhamu kwamba popote Injili itakapohubiriwa, alilolitenda litatajwa kwa ukumbusho wake (Marko 14:9).

Basi kukumbuka si dhambi. Linalokatazwa ni kuwaendea wafu ili kutafuta habari, msaada au ulinzi kwao (Kumbukumbu la Torati 18:10-12). Ndugu zetu Wakatoliki wana utaratibu wao wa kuwaheshimu watakatifu, nasi hatuandiki ili kubishana nao. Jambo tunalokubaliana sote liko katika Waebrania 13:7. Mwandishi anataka tuwakumbuke viongozi waliotufundisha Neno, tuangalie mwenendo wao uliishia wapi, kisha tuifuate imani yao. Kwa hiyo kumbukumbu ina hatua tatu: kumtaja mtu, kuchunguza maisha yake hadi mwisho, na kuendeleza imani aliyokuwa nayo. Anayeishia kwenye hatua ya kwanza ametamka jina tu.

2. KABURI LA NAMIREMBE LISILOKUWA NA MWILI

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Aliokoka tarehe 6 Januari 1948, akawa mchungaji, kisha askofu. Mwaka 1974 alifanywa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Angalieni jina hilo la jimbo lake. Wengi wetu tunaosoma somo hili tumetoka katika nchi hizo, kwa hiyo hatumkumbuki mtu wa wenyeji wetu peke yao. Kanisa alilolichunga lilifika hata kwetu.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake wakisema wanatafuta silaha. Maaskofu walikutana, wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu katika nchi. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, wakasimamishwa mbele ya askari wengi. Wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum alibakizwa, wala hakuonekana tena akiwa hai. Aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake redio ya taifa ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Lakini waliouona mwili wake kule kwao walishuhudia majeraha ya risasi.

Waumini wa Kampala walikuwa wamemchimbia kaburi pale Namirembe, karibu na kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Serikali haikuwapa mwili. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko. Hata hivyo watu walikusanyika Namirembe kwa maelfu, wakaimba na kuomba kando ya shimo tupu. Walipolitazama, walikumbuka kaburi jingine lililokutwa tupu asubuhi ya siku ya kwanza ya juma.

Ndugu zetu, tulitafakari jambo hili mara nyingi baada ya swali la mama yule. Ibada kubwa ya kumkumbuka Luwum mjini Kampala ilifanyika bila mwili. Kanisa halikusema, "Tusubiri mpaka tupewe maiti, ndipo tumlilie mchungaji wetu." Ninyi mlioacha wapendwa wenu bila kuwazika hamkufanya ibada yenye upungufu mnapowataja. Mnasimama mahali waliposimama Wakristo wa Namirembe mwaka 1977.

Siku ya kumbukumbu pia huilinda kweli. Redio ilisema ajali, lakini Kanisa liliendelea kusema mwaka baada ya mwaka kwamba mtu huyu aliuawa. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa zima.

Hapa Bugolobi kuna barabara iitwayo Luthuli, nasi huipita kila siku bila kuliwaza jina hilo. Albert Luthuli alikuwa chifu na mhubiri asiye mchungaji huko Afrika Kusini, mtu wa kwanza wa Afrika Kusini kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Alikufa tarehe 21 Julai 1967, na wakuu wa wakati ule walisema aligongwa na gari moshi. Familia yake haikuyakubali maneno hayo. Mwezi Oktoba 2025, yaani miaka 58 baadaye, mahakama ya huko iliutengua uchunguzi wa zamani ikaamua kwamba alikufa kwa kupigwa. Wazazi, msichoke kuwasimulia watoto ukweli wa yale mliyoyaona. Uongo unaweza kukaa miaka mingi, lakini haujageuka kuwa kweli kwa sababu ya kukaa kwake.

3. KABURI LA BOGA

Wengi wenu mlioko Kyangwali mlivuka Ziwa Albert kutoka Ituri. Huko nyuma yenu, Boga, kuna kaburi la Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya, aliyekufa tarehe 30 Mei 1933.

Apolo alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 alivuka kwenda Boga kuhubiri. Dada yake chifu alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alishtakiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha. Alipigwa, akafungwa na kuletwa Fort Portal. Baadaye alishuhudia kwamba Kristo alimtokea akiwa gerezani na kumtia nguvu. Alipofunguliwa alirudi kwa watu wale wale wa Boga, na chifu mwenyewe akaja kumwamini Kristo. Apolo aliendelea hata kwa watu wa msituni, akatafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kabla ya kufa aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, badala ya mashariki kama ilivyokuwa desturi. Alitaka hata kaburi lake lionyeshe kwamba kazi bado iko mbele.

Mganda amelala katika udongo wa Kongo, na Wakongo wengi wanalima udongo wa Uganda. Apolo alikuwa mgeni kwetu kabla sisi hatujawa wageni kwao. Hatukumpokea vizuri mwanzoni, naye hakuchoka nasi. Tukumbuke hayo siku tunaponung'unika kwa sababu ya jirani mwenyeji aliyetusemea vibaya bombani.

4. HATARI TATU ZA SIKU ZA KUMBUKUMBU

Hatari ya kwanza ni kuheshimu kaburi na kuikataa njia ya aliyelala humo. Katika Mathayo 23 Yesu aliwakemea watu waliopamba makaburi ya manabii huku mioyo yao ikifanana na ya baba zao waliowaua. Mtu anaweza kumsifu Luwum asubuhi kwa sababu alisema kweli, kisha mchana akaandikisha majina ya uongo kwenye kadi ya posho.

Hatari ya pili ndiyo inayotutisha zaidi sisi tunaoishi makabila mengi mahali pamoja. Siku ya msiba inaweza kugeuzwa jiwe la kunolea panga. Tumewahi kuongoza ibada ya ukumbusho ambapo kijana mmoja alisimama, akaanza kulitaja kabila la waliomwua babake, na watoto wa kabila hilo walikuwa wameketi benchi la pili. Hawakuwa wamezaliwa wakati wa mauaji yale. Tulimsimamisha tukaimba, lakini familia mbili hazikurudi tena kanisani. Jambo hilo linatuuma hadi leo.

Tumkumbuke hapa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu. Tangu mwaka 1994 mji wake ulijaa wakimbizi kutoka Rwanda. Aliwatetea wakimbizi hao, aliwatetea na wenyeji, akahubiri dhidi ya chuki za kikabila wakati ambapo maneno hayo yalikuwa ya hatari. Aliuawa na askari mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, tarehe ile ile aliyouawa Hannington miaka 111 kabla yake. Anayeitumia siku ya Munzihirwa kuchochea kabila moja dhidi ya jingine amemgeuka Munzihirwa.

Tumkumbuke pia Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa pamoja na Luwum siku ile ya mwisho. Siku chache baadaye yeye na mkewe walikimbia, wakapanda milima kwa miguu usiku na kuingia Rwanda. Ndiyo, askofu wa Uganda alikuwa mkimbizi kama sisi, na Rwanda ilikuwa mlango wake. Alikiri kwamba huko uhamishoni uchungu juu ya Amin ulimshika, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa ibadani London, msalaba ulipomkumbusha jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Alitubu uchungu wake. Mwaka huo huo wa 1977 alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema kwamba Amin hakuua. Aliyataja mauaji yote wazi, kisha akasamehe. Kusamehe hakuhitaji tuufiche ukweli, na kusema ukweli hakuhitaji tuchukie.

Hatari ya tatu ni gharama. Zipo familia zinazouza mahindi ya mwezi mzima ili kupika chakula cha ukumbusho, kwa kuogopa maneno ya watu. Marehemu hahitaji mbuzi wa kukopa. Watoto wake wanahitaji madaftari.

5. WASIO NA TAREHE NA WASIO NA KABURI

Sasa turudi kwa mama yetu.

Mtu wa kwanza kuuawa duniani alikuwa Habili. Hatusomi siku aliyokufa wala mahali alipozikwa. Tunasoma kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwulizia, na kwamba damu yake ilimlilia Mungu kutoka ardhini (Mwanzo 4:9-10). Kabla mwanadamu hajauliza, Mungu aliuliza. Musa naye, mkubwa wa manabii, hana kaburi linalojulikana (Kumbukumbu la Torati 34:6). Mungu alijua alipomzika, na hilo lilitosha.

Tena mtazameni Yusufu. Alifia ugenini Misri, akawaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake siku watakapotoka. Watu wa Israeli waliibeba jangwani miaka yote arobaini, mpaka wakaizika Shekemu (Kutoka 13:19, Yoshua 24:32). Fikirini safari ile: watoto wanalia kiu, mizigo ni mizito, na katikati ya mizigo limo jeneza la babu. Sisi tulipokimbia hatukuweza kubeba mifupa ya mtu. Wengine hatukubeba hata sufuria. Lakini jina linabebeka. Hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kumpokonya mtu jina la babake.

Kwa hiyo tunakujibu, mama, pamoja na wote wenye swali kama lako. Chagua siku. Inaweza kuwa siku mliyofunga ndoa, au siku mliyovuka mpaka, au Jumapili ya Pasaka ambapo tunakumbuka kaburi lililo wazi. Wala si uongo kuchagua, mradi uwaambie watoto wazi kwamba hatujui siku aliyokufa, na kwamba hii ndiyo siku tuliyoiweka ili asisahauliwe. Mungu anaijua ile nyingine.

Na kama mtu wako amepotea tu, nawe hujapata habari za hakika, usilazimishwe na yeyote kumfanyia matanga. Mtaje katika maombi kama mtu ambaye Mungu anajua alipo. Msalaba Mwekundu wa Uganda wana huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana. Waulizeni viongozi wenu wa kambi jinsi ya kuwafikia, nanyi msione aibu kuuliza tena baada ya mwaka.

6. UTARATIBU RAHISI WA NYUMBANI

Familia inaweza kufuata mambo haya jioni moja, kwa chai tu:

(a) Tafuteni daftari moja. Andikeni jina kamili la mtu, kijiji chake, wazazi wake, kazi yake, na mambo mnayoyajua kwa hakika. Msiyoyajua acheni nafasi, huenda mzee fulani akaijaza.

(b) Kila mtu aseme jambo moja ambalo marehemu alilitenda au kulisema. Msimfanye malaika. Biblia haikuificha dhambi ya Daudi.

(c) Mtoto mmoja asome Waebrania 12:1-2.

(d) Jiulizeni: ni kazi gani aliyoiacha ambayo sisi tunaweza kuiendeleza? Kama alipenda kufundisha, msaidieni mtoto wa jirani kusoma. Kama alikuwa mpatanishi, nendeni mkapatane na mtu kabla juma halijaisha.

(e) Ombeni, mkimshukuru Mungu kwa maisha yake, mkiwaombea walio hai, hata na adui.

Siku ya 16 Februari, 30 Mei na 29 Oktoba, vikundi vya nyumbani vinaweza kufanya hivyo hivyo kwa ajili ya watumishi tuliowataja. Lakini tunaagiza jambo moja: baada ya kumtaja askofu, kiongozi anyamaze, awape watu nafasi wawataje wa kwao. Hapa Bugolobi tumeanza kufanya hivyo. Mara ya kwanza tulidhani itachukua dakika kumi. Tulitoka giza limeingia, na mama yule alilitaja jina la mumewe mara tatu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mtu gani aliyekufundisha Neno la Mungu kwanza? Je, watoto wako wanalijua jina lake?
2. Kwa nini Yusufu alitaka mifupa yake isibaki Misri? Soma Waebrania 11:22.
3. Tunawezaje kusimulia maovu tuliyotendewa bila kuwafundisha watoto chuki?
4. Je, katika kundi lenu yuko mtu asiye na tarehe wala kaburi la mpendwa wake? Mtamsaidiaje mwezi huu?

TUOMBE

Baba yetu wa mbinguni, wewe unayewajua wote waliolala porini, mitoni na njiani, tunakushukuru kwa ajili ya watumishi wako Janani, Apolo, Festo na Christophe. Tunakushukuru pia kwa ajili ya baba zetu, mama zetu na watoto wetu ambao dunia haijui majina yao. Tupe ulimi wa kusema kweli na moyo wa kusamehe. Utufikishe sote katika asubuhi ile ambayo makaburi yote yatafunguka. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyekufa na kufufuka. Amina.